Aliyemtolea Susu Ndila Mahari

Migwani, Kitui
Jumapili, 3 Agosti 2025

Mpendwa kaka Muthama,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Garissa halijakumaliza, maana mara ya mwisho ulikuja umekauka hadi nikamwambia Mama akuongezee maziwa. Sisi hatujambo. Watoto wanasoma, cherehani yangu inazunguka, na mvua, wacha tu, hiyo tumeacha hata kuiulizia. Shemeji yako anakusalimu.

Najua utashangaa kuletewa barua siku hizi za simu. Nimempa Deeq, yule mnunuzi wa mbuzi anayepita hapa kila wiki. Sikutaka kupiga simu kwa sababu nakujua. Ukikasirika unakata, halafu unazima mwezi mzima. Barua hata ukiitupa chini, utainama tu uiokote.

Ni lile jambo la shamba la Nunguni. Mama alikuambia kwamba maafisa wa ardhi wanaandikisha upya ili watoe hati, na kwamba Muli, mtoto wa binamu yake Baba, ameweka pingamizi. Labda hakukuambia yote. Muli anasema Baba hakuwa mtoto wa Kilungya, babu yetu, kwa hivyo sisi ni wageni pale na Mama atoke. Mama, na miaka yake sabini na miwili, atoke kwenye boma alimozikwa Baba! Niliposikia nilitaka kupanda gari siku hiyo hiyo nikamtafute huyo Muli nimwonyeshe mgeni ni nani.

Nikaenda, lakini nilipofungua sanduku la bati la Baba, hasira ilinitoka. Kulikuwa na barua ya jeshi inayosema Kilungya alifia vitani Burma mwaka wa 1944. Kulikuwa na cheti cha ubatizo cha Baba: kuzaliwa 1951, jina la baba, Kilungya. Na kulikuwa na daftari la zamani la familia ambalo kurasa zake za mwanzo zimeng'olewa. Nilihesabu kwa vidole mara tatu. Mtu akishakufa hazai mtoto baada ya miaka saba, hata awe mwanajeshi wa namna gani. Nilipomuuliza Mama aliniambia niwaache wafu walale, akachukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe ambaye alikuwa ameshakamuliwa.

Ndipo nikaenda Mbumbuni, alikozaliwa Susu Ndila, mama yake Baba. Mdogo wake, Syokau, bado yuko hai. Anakaribia miaka tisini, masikio yamechoka, lakini mdomo haujazeeka hata kidogo. Kwanza alinigombeza kwa nini tumekaa miaka yote hii bila kumjulia hali. Nikamuuliza ni mwanamume gani alimtolea dada yake mahari. Aiya! Alicheka hadi akakohoa. Akasema hakuna mwanamume aliyewahi kuleta mbuzi kwao kwa ajili ya Ndila. Aliyewaleta ni Kasyoka, mjane wa Kilungya.

Soma polepole hapa, kaka. Kasyoka alifiwa na mumewe kabla hajapata mtoto. Shemeji zake wakaanza kulima mashamba yake yeye akitazama. Basi akafanya kile ambacho desturi yetu ilimruhusu: akaoa. Alimwoa Susu Ndila awe iweto wake, mke wa kuzaa watoto kwa jina la marehemu, ili nyumba ya Kilungya isizimike. Nilimuuliza Syokau, sasa damu ya Baba ni ya nani? Akanijibu kwamba wanaume hawakukosekana, ila mwenye mbuzi ndiye mwenye mtoto, na kama nataka kujua zaidi ya hapo nikaulize makaburini. Kasyoka ndiye aliyemlea Baba na kumpeleka shule, na alikufa Baba akiwa kijana tu. Na sisi hata jina lake hatukuwahi kulisikia nyumbani! Nadhani Baba alipofanywa mzee wa kanisa aliona heri lisitajwe tena. Zile kurasa za daftari, nadhani ni yeye aliyezing'oa.

Nilipokuwa naaga, Syokau alitoa karatasi chini ya godoro, imefungwa ndani ya mfuko wa unga. Iliandikwa na karani wa chifu mwaka wa 1949. Ilisema kwamba Kasyoka, mjane wa Kilungya, amemwoa Ndila kwa mbuzi na ng'ombe wawili, na kwamba watoto watakaozaliwa ni wa Kilungya. Chini kulikuwa na alama mbili za dole gumba, moja ya Kasyoka na nyingine ya babake Ndila. Aliniwekea mkononi akaniambia nimpelekee Mama.

Nilifika Nunguni jioni, nikamwambia Mama tu kwamba safari imenichosha. Asubuhi yake wazee wa ukoo walikuja bomani pamoja na naibu wa chifu. Muli alisimama na tarehe zake, ya kifo na ya kuzaliwa, akazisoma kama anahubiri. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema yeye si mtu wa kuvunja desturi. Kama mjane wa Kilungya alioa iweto, basi Baba ni mtoto halali wa nyumba ile, na yeye ataondoa pingamizi lake papo hapo. Uvumi huo hata yeye aliusikia utotoni, lakini uvumi si ushahidi. Aonyeshwe karatasi moja tu, au mtu mmoja aliyeona mbuzi wale wakiingia. Wazee wakageuka kututazama. Mama akanitazama mimi, maana ndimi niliyetoka Mbumbuni.

Nilitazama viatu vyangu hadi naibu wa chifu akaendelea na mengine.

Utauliza, kaka, kwa nini sikuitoa ile karatasi. Sikuitoa kwa sababu niliichoma. Jioni ile Mama alipotoka kufungia kuku, nilikaa jikoni nikaisoma tena, na aibu ikanikamata. Niliwaza watu wa kanisa wakisikia kwamba nyanya yetu aliolewa na mwanamke. Nikawaza wakwe zangu hapa Migwani, na jinsi wanavyojua kucheka. Nikawaza watoto wangu wakiitwa wajukuu wa mtu asiyejulikana. Nikaisukuma katikati ya kuni, na iliungua upesi kuliko nilivyotaka. Hakuna aliyenituma. Mama hakujua hata kwamba ipo.

Tumepewa hadi Ijumaa, tarehe kumi na tano, tulete ushahidi. Nilirudi Mbumbuni nikamwambia Syokau ukweli nikiwa nimepiga magoti. Afadhali angenipigia kelele. Alisema tu kwamba kwao wameitunza karatasi ile miaka sabini na sita, yeye akiwa hajui kusoma, na mimi niliyesoma nimeshindwa kuitunza siku moja. Mbuzi aliwaona kwa macho yake, tena ndiye aliyewafungia. Lakini ameapa hatapanda gari kwa kuitwa na mimi. Atakuja Nunguni ikiwa mtoto wa kiume wa nyumba ile atakuja mwenyewe kumchukua, na asimame mbele ya wazee aseme kwa sauti kwamba yeye ni mjukuu wa Kasyoka na haoni haya.

Huyo ni wewe, Muthama, hatuna mwingine. Najua wewe ni shemasi, na najua unavyoyaona mambo haya. Nilikuwa nayaona hivyo hivyo, na umeona yaliyotokea. Nitukane upendavyo, una haki yote, ila nitukane ukiwa tayari safarini.

Wasalimu wote unaofanya nao kazi, na Mungu akutangulie njiani. Mama anakusalimu sana. Yeye bado hajui. Kila asubuhi ananipigia kuniuliza kama nimepata karatasi yoyote, na kila asubuhi ninamwambia bado natafuta.

Ni mimi dada yako,
Mumbua