Miti Tatu ya Papa

Mama yangu mupenzi,

Huku Saio siye tunaamka, na hiyo njo namushukuria Mungu. Weye je? Mugulu inakuachia usingizi, ao ingali inakuuma vile dada Masika aliniandikia?

Mama, ulinituma nikatafute kaburi ya Papa, na nilienda. Nisizunguke na maneno: sikuiona.

Barabara ya Gety siku hizi inapitika, hata kama batu banapita roho juu. Nilibeba musalaba ya mbao, nilichonga mwenyewe, jina ya Papa iko juu yake. Unakumbuka vile tulimuzikaka mu pori tukiwa mu kukimbia? Majiwe haikukuwa. Njo nilikata alama na panga ku miti tatu minene yenye kumuzunguka, nikakuambia: miti haikimbiake vita. Siku ile nilijiona mwenye akili.

Muzee Baraka, mwenye alitusaidia kuzika, njo alinionyesha njia. Alinielezea vile mvua ilikataa, musimu kwa musimu. Miti minene ilitangulia kufa. Ilikauka ikiwa imesimama, ngozi yake ikaanguka pamoja na alama zangu, kisha upepo ikaiangusha yote. Pahali palikuwaka giza na baridi, jua ikaingia. Ikaota majani yenye kukata, miiba na kamba za pori, moto ikapita humo, na sasa iko miti myembamba ya kuota haraka, imesongamana, yote inafanana. Batu ba njiani banasema pori imepona.

Siku tatu nilikata na panga. Kila kishimo nilipiga magoti, nikizani njo yeye. Siku ya tatu muzee alinishika mukono.

"Acha, mwana. Pori ulijuaka ilikufa. Hii ni ingine, haimujue baba yako."

Mama, nilitaka kusimamisha musalaba pahali popote na kukudanganya. Hata shimo nilichimba. Kisha mu mawazo nikakuona umepiga magoti pale, unalilia udongo ya bure. Nilishindwa.

Usikuje. Usiuzishe mbuzi juu ya safari. Muzee anasema pori ya zamani haitarudi mu maisha yetu, na mimi namusadiki.

Unisalimie Masika dada yangu, na bwana yake mwalimu, na koko, nyanya yetu mwenye kutuombea. Baba mudogo, mwenye alitoa mbao, umuambie musalaba haikupotea. Iko nyuma ya mulango yangu. Kila mara nikifunga mulango, nasoma jina yake.

Mutoto wako,
Paluku, mwenye alikata alama