Mama Alikuja Kwenye Tamasha

Dada Saida,

Mama amekuja kwenye tamasha. Naanza na hilo kwa sababu najua ungekuwepo ungenikatiza hata salamu uniulize, "Mama yupi?" Mama yetu, dada. Alikaa benchi la pili, kiatu kimoja amekivua kwa ajili ya ule mguu unaovimba, akatazama michezo mitatu, kila mmoja wa mchezaji mmoja tu, bila kuomba kurudi nyumbani.

Tangu tukuzike mwaka jana anaishi kwangu hapa Kabuku. Nyumba yetu ya kule Kilole tumempangisha mwalimu mmoja na mkewe. Cherehani yako iko dukani kwangu, nimeifunika khanga. Kuiuza sina moyo, na wa kushona nayo simjui. Mchana Mama anakaa barazani kuangalia mabasi ya Chalinze. Likisimama moja, anainua kichwa mpaka abiria wote washuke. Sijawahi kumuuliza anamtazamia nani.

Halafu asubuhi moja, tuko kwenye chai, akasema, "Athumani, nipeleke Korogwe. Nataka nikaone hicho kitu kilichokuwa kinamchukua mwanangu."

Miaka yote uliyocheza hakukanyaga. Alisema haifai mwanamke mtu mzima kusimama mbele za watu akamwigiza babu yake marehemu, akakohoa kikohozi chake, akafunga shuka kama yeye. Alikuwa anamlinda baba yake, nadhani. Na wewe ulikuwa unampenda babu yule yule, ndiyo maana ukamcheza: alivyotoka Kigoma kijana kuja kukata mkonge kwa mkataba, alivyooa Mzigua, alivyosema kila mwaka kwamba mwakani anarudi kwao, mpaka akazikwa kule kule kwenye kambi ya wakata mkonge. Wewe peke yako ulikuwa babu, ulikuwa bibi, ulikuwa nyapara pia. Mimi nakaa nyuma nacheka kabla ya watu, kwa sababu najua nyapara anakuja.

Basi tukaenda. Tamasha bado ni lile lile dogo. Hakuna zawadi, kila mchezaji anajitegemea, na mahali pa kuchezea ni popote panapopatikana. Wa kwanza, kwenye darasa la shule, alikuwa bwana mmoja wa Handeni mjini, anacheza kikao cha posa. Wazee wote ni yeye, anabadilisha kofia tu. Mama alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaniuliza kwa sauti, "Wenzake wako wapi?"

"Yuko peke yake, Mama."

"Masikini," akasema, na darasa zima likacheka, mchezaji naye akacheka chini ya kofia.

Wa pili alikuwa kijana wa Kimasai. Huyu hakusema neno. Alikuwa anawapigia mluzi ng'ombe tusiowaona, anawasubiri wapite, anawagusa mgongoni mmoja mmoja. Kila akirudia wanapungua. Watazamaji tulikuwa wachache, wengine wakatoka. Mama alifumba macho akasikiliza. Mwishoni akaninong'oneza, "Wamekwisha wale." Nikatamani ungekuwa upande wangu wa pili, nikubinye mkono.

Wa tatu ndiye ninayekuandikia kwa ajili yake. Anaitwa Upendo, binti kutoka Lutindi. Alicheza kwenye lile ghala la zamani la mkonge, pale ulipokuwa unacheza wewe. Mchezo wake ni wa mwanamke aliyeolewa na mtu ambaye mama yake hakumtaka. Miaka imepita, sasa amerudi, amesimama mlangoni na mfuko wake. Anapiga hodi, kimya. Anasema, "Shikamoo, mama." Kimya. Mchezo wenyewe ndio huo, kubembeleza mlango usiofunguliwa.

Aliposema shikamoo ya pili, Mama akaitikia.

"Marahaba, mwanangu."

Hakuitikia kwa utani, dada. Aliitikia kama mtu aliye jikoni kwake. Watu wakageuka. Nikamshika mkono, akautoa. Upendo akageuka, akatazama ilikotoka sauti. Kisha akasema polepole, "Mama, naomba niingie."

"Ingia. Nani kakuzuia?"

Yule binti akashuka jukwaani na mfuko wake, akaja akakaa chini, miguuni kwa Mama. Mama akamwekea mkono kichwani. Mchezo ukaishia pale, maana hapakuwa na mlango tena wa kubembeleza. Watu walichelewa kupiga makofi. Mimi sikupiga.

Baadaye Mama aliona haya. "Nimekuharibia kazi yako, binti yangu."

"Hapana, bibi," Upendo akasema. "Nimeucheza kila mahali, hajaitikia mtu."

Nilimfurahia, wallahi. Lakini moyo uliniuma. Marahaba ile nilitaka uisikie wewe. Umesimama kwenye ghala lile miaka mingapi, unaangalia mlangoni kila anapoingia mtu mwenye mtandio, halafu sauti ya Mama inakuja kujaa mle ndani wewe hupo.

Kwenye basi, tulipokwisha kupita Segera, akaniuliza, "Saida naye alikuwa anafanya vile, peke yake?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi niko nyumbani."

Halikuwa swali. Akanishika kiganja, hakukiachia mpaka Kabuku.

Tangu siku ile, tukimaliza kula jioni, ananiambia nimsimulie mchezo wako. Nasimulia ninavyokumbuka, na naukumbuka kwa matobo. Juzi nilifika pale ambapo babu anakosa nauli ya kurudi Kigoma. Mama akanikatiza.

"Nauli alikuwa nayo. Alifika mpaka stesheni ya Korogwe na sanduku lake. Mimi nilimfuata kwa miguu kutoka kambini, mtoto mdogo, sina hata ndala. Aliponiona hakunipiga. Aliweka sanduku chini, akanibeba mgongoni, tukarudi. Sanduku akaja kulifuata siku nyingine."

Dada, hili hukulijua. Hakuna aliyelijua. Nililia mbele yake, naye akaniacha nilie. Nilikuwa nawaza ungelichezaje: ungeweka sanduku wapi, ungegeuka vipi ukiwa babu, ungekuwaje yule mtoto mwenye vumbi miguuni. Sasa nikisikia jambo zuri nalitafutia nafasi ya kukuambia, halafu nakumbuka.

Jana Mama alikuwa anachambua maharage. Bila kuniangalia akasema, "Mwakani waambie hao wa tamasha waniandike."

"Wakuandike nini, Mama?"

"Ile ya stesheni. Sitaruka-ruka mimi. Nitakaa kwenye kigoda nisimulie."

Nikamwambia sawa. Na wewe nakuahidi, Mungu akitupa uhai, nitampeleka. Nitambebea kigoda. Na kabla hajaanza nitasimama mbele ya watu, mimi nisiyewahi kunyoosha mkono hata kwenye kikao cha wazazi shuleni, niseme, "Huyu ni mama yake Saida." Kisha nitakaa.

Pumzika, dada yangu. Tunakukosa mno.

Mdogo wako,
Athumani