Meli Tuliyoiunda Tukiwa Tumenuniana

Mwanangu Skola,

Shangazi yako Agnes ananiambia huko unovisi wamekupa jina jipya, na kwamba nianze kulizoea kabla sijakuaibisha mbele ya masista wenzako. Nitajitahidi. Ila kwenye barua hii niruhusu nikuite nilivyokuita siku zote, maana ninayotaka kuyasema yalitokea kati ya Skola na baba yake, hapa hapa Bombambili, kwenye meza ya sebuleni.

Meli imekwisha. Imesimama, ina milingoti mitatu, kamba na matanga yake yote. Imelala kidogo upande wa kushoto na kosa ni langu, lakini imekwisha.

Wewe unakumbuka ilivyoanza, ila sidhani kama unajua kwangu ilivyokuwa. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Ulikuwa mwaka wa tatu unafundisha hisabati, una mshahara wako, na mimi nilishaanza kuwapa wajukuu majina kichwani. Ulisubiri nimalize kula, ukaninawisha mikono, ukakaa.

“Baba, niliomba kuingia utawani. Wamenikubali.”

Nikakuuliza, “Umekosa mchumba?”

Nilijua si kweli. Nilisema ili ikuume.

“Hapana, baba. Sijakosa kitu.”

“Basi nenda. Lakini baraka yangu usiisubiri.”

Toka hapo tukawa watu wa nyumba moja wasiosemezana. Kila asubuhi ulipita ukasema shikamoo baba, nami nikajibu marahaba, kwa sababu shikamoo haiachwi hewani hata mtu awe na hasira za namna gani. Baada ya hapo kimya mpaka kesho yake. Nyumba ilikuwa imeshapoa tangu mama yako alipotutoka ukiwa kidato cha pili, sasa ikawa kama ghala.

Ndipo Jumamosi moja ukarudi sokoni na lile boksi. Ulilipata kwenye mitumba ya vitu vya watoto, limebonyea pembeni, juu limechorwa meli ya zamani ya matanga. Ndani mlikuwa na vibao vyembamba kama biskuti, vimekatwa kwa mashine na kupewa namba, fito nyembamba za mbao, na kitabu cha maelekezo cha lugha ambayo hakuna mtu mtaani kwetu aliyeijua. Ukaanza kupanga vipande mezani bila kuniambia neno. Mimi nikapita kwenda uani, nikarudi, nikapita tena. Siku tatu nilikuwa napita tu, nakutazama kwa pembeni.

Ya nne nikashindwa. Ulikuwa umeshika ubavu mmoja wa meli, unataka kuubandika, na mimi nikaona unavyokosea.

“Hiyo ni sita,” nikasema. “Umeigeuza.”

Ukainua macho. “Sita au tisa?”

“Sita. Tisa ni ile nene, iko chini ya sahani.”

Ukaitazama, ukaitafuta ile nyingine, ukakuta ni kweli. “Asante, baba.” Basi. Lakini nikavuta kiti.

Mwanangu, mimi mikono yangu ni ya spana. Miaka yote ile ya kubeba korosho kutoka Tunduru, nikiharibikiwa na lori porini kule Namasakata nilifungua gia boksi peke yangu. Kushika kijiti chembamba kama njiti ya kibiriti kulinitoa jasho. Wewe ulikuwa unacheka kwa puani tu, hutaki nikuone. Ni wewe uliyegundua kwamba fito zikikataa kupinda ziwekwe kwenye chupa ya chai yenye maji ya moto. Wiki nzima tukanywa chai yenye harufu ya mbao. Tukabana kila ubao kwa vibanio vya nguo, na nguo zikawa zinaanguka kwenye tope.

Maneno yetu yalikuwa ya kazi. Nipe msasa. Shika hapa. Usiachie bado. Lakini ubao mmoja wa meli ile ulidai mikono mitatu mpaka minne, kwa hiyo tulikaa bega kwa bega kila Jumapili baada ya misa, na mtu ukikaa naye karibu hivyo, hata ukinuna, unamsikia anavyopumua. Nilikuwa nimesahau kwamba ukifikiri sana unauma ulimi pembeni, kama mama yako. Siku moja nikakwambia hivyo. Ukasema, “Nisimulie alivyokuwa kabla sijazaliwa.” Nikakusimulia mpaka gundi ikakauka kwenye kopo.

Ile Jumapili nyingine ndipo uliponiuliza, taratibu, umeinamia kazi: “Baba, unaogopa kubaki peke yako?”

“Mimi? Nimelala porini na simba. Naogopa nini?”

Ukasema, “Haya, baba.” Hukuniuliza tena. Ningekuwa mtu wa maana ningejibu siku ile ile.

Ukaondoka mwezi wa kwanza, mvua imeshika. Chombo chote cha chini kilikuwa tayari, bado milingoti na kamba. Asubuhi ile ulikuja chumbani kwangu na begi mkononi, ukapiga magoti kabisa. Mimi nikasema, “Safari njema,” nikaendelea kukunja shuka. Shangazi yako ndiye aliyekusindikiza stendi. Mimi nilitoka uani nikashika jembe nikachimba mtaro wa maji ambao haukuhitajika, na ulikuwa mzuri sana, maana nilichimba mpaka mchana.

Meli nikaitupia shuka kuukuu, nikaipandisha juu ya kabati pamoja na boksi lake. Ukaniandikia barua, ndefu, nzuri. Mimi nikajibu mstari mmoja: niko salama, mvua imenyesha. Ikapita mwaka na zaidi.

Aliyeishusha ni Agnes. Alikuja kutoka Mpitimbi kuniuguza malaria, na kwa kuwa hawezi kukaa bila kusugua kitu, akafika juu ya kabati.

“Kaka, hiki kitu utakimaliza lini?”

“Kiache.”

“Sikiachi. Ama ukimalize, ama nikiwashie jiko.”

Nikaogopa, maana namjua. Nikafungua boksi kutafuta vipande vilivyobaki. Chini kabisa nikakuta daftari la shule, limeandikwa kwa kalamu nyekundu, mwandiko wako wa kusahihishia.

Kumbe ulikaa ukapiga picha kile kitabu kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, simu ikakutafsiria, ukaniandikia hatua zote zilizobaki kwa Kiswahili. Na ukaweka na yako. Nimeyasoma mara nyingi mpaka nimeyashika.

“Hatua ya 31. Milingoti haimo kwenye boksi. Tumia vijiti vya mishikaki, omba kwa yule mama wa pale kona. Vya dukani ni laini mno.”

“Hatua ya 36. Gundi kidogo. Kidogo kweli, siyo kidogo chako.”

“Hatua ya 40. Hapa utakasirika. Acha, kanywe chai, urudi kesho.”

“Hatua ya 52. Kamba hii inataka watu wawili. Mwite shangazi. Atalalamika lakini atakuja.”

Na baada ya hatua ya mwisho: “Baba, sijaandika haya ili ubadilishe mawazo. Nimeandika kwa sababu wewe hupendi kitu kibaki nusu, na mimi ndiye niliyekianzisha.”

Juu uliandika tarehe. Ilikuwa wiki ile ile ya kuondoka kwako, siku ambazo nilikuwa sikutazami usoni. Mimi nakunyima neno moja, wewe unaniandikia daftari zima. Na lilikaa juu ya kabati langu muda wote ule, sijui kwamba lipo. Nililia, Skola. Agnes alidhani malaria imenirudi.

Nikamwambia siku hiyo: “Unajua, siyo wajukuu. Niliogopa kubaki peke yangu.”

Akasema, “Tulijua wote, kaka. Hata mtoto alijua. Ulikuwa umebaki wewe.”

Basi tukaunda. Hatua ya 40 nilikasirika kama ulivyosema, nikanywa chai, nikarudi kesho yake. Hatua ya 52 Agnes alilalamika kama ulivyosema, akakaa. Alikuja kwa wiki mbili, na sasa shamba lake la Mpitimbi analima mwanawe, yeye yuko hapa, amekishika chumba chako na ananipangia mpaka soksi za kuvaa. Matanga aliyashona yeye. Anadai sehemu zote zilizonyooka ni zake.

Nakushukuru, mwanangu. Kwa kuninyamazia siku zile bila kunidharau. Kwa ile sita na tisa, maana mpaka leo nashuku uliigeuza makusudi, na sitaki uniambie. Kwa kunipa kazi ya mikono wakati kichwa changu kilikuwa hakifai. Na zaidi kwa kwenda pale ulipoitwa hata mimi nilipoziba njia, kwa sababu ungebaki kwa ajili yangu, ningekutazama kila siku ukizeeka na huzuni ambayo ni mimi niliyeitia.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi. Mgeni mmoja akaniuliza, “Mzee, una watoto wangapi?” Zamani nilikuwa nasema ninaye mmoja, yuko mbali kikazi. Safari hii nikasema, “Mmoja. Ni mtawa.” Yule bwana akasema hongera, akataka kujua wa shirika gani, na kinyozi ilibidi aniombe nitulize kichwa, kwa jinsi nilivyokuwa nasimulia.

Barua ya mwaliko wa nadhiri zako tumeipata. Tunakuja wote wawili. Agnes ameshanunua kitenge, mimi suti yangu ya harusi imepelekwa kwa fundi ikaachiwe kiunoni.

Ila jambo moja silichelewishi mpaka siku hiyo, maana nimelichelewesha vya kutosha. Nakubariki, Skola. Nakubariki kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na kwa jina la mama yako pia. Nimempa Agnes aisome barua hii kabla sijaifunga, ili awepo shahidi kwamba nimesema.

Uwe na amani huko uliko,

Baba yako