Buriani, Mama: Jumamosi Saa Moja Jioni

Jumatatu, 3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai mgongo umepunguza kuuma na cherehani haileti tena vituko. Mimi mzima, usingizi tu ndio adimu.

Nina habari, kaa chini kwanza. Kuanzia Alhamisi ya tarehe 20 kutakuwa na siku tatu za sanaa hapa mjini. Alhamisi ni muziki, uani kwa ukumbi wa zamani wa reli: bendi ya matarumbeta, na yule bibi mpiga gitaa unayempenda redioni. Ijumaa wanafungua maonyesho ya picha za kuchora na vinyago. Na Jumamosi saa moja jioni ni filamu. Filamu yangu, Mama! Ile niliyokupiga picha Desemba ukiwa kazini. Nimeiita "Buriani, Mama".

Tiketi ya basi iko ndani ya bahasha. Mabango nimeyatanguliza kwa kondakta, kinyozi atayabandika huko mtaani wajue wewe sasa ni nyota. Utakaa mstari wa mbele.

Mwanao, kitinda mimba

*

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo. Mimi ni mzima, tena nakuomba hiyo sentensi uisome mara mbili, maana huku mtaani hakuna anayeiamini.

Mabango yako yalifika kabla ya barua. Kinyozi kayabandika sokoni, kituo cha basi, mpaka mlangoni kwa zahanati. Picha yangu kubwa, nyeusi na nyeupe, na chini yake: "Buriani, Mama. Jumamosi saa moja jioni. Wote mnakaribishwa." Sasa wewe ungeelewaje? Mimi nimekaa zangu napunguza suruali, mara jirani yetu Mama Pacha anaingia analia, kuniona tu kapiga yowe akaangusha sufuria. Wateja nao wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao visije vikapotelea kwenye msiba. Mmoja nilimfungulia mlango mwenyewe, akaniuliza, "Marehemu aliiacha wapi suruali yangu?" Wala hakuinua macho!

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu jioni nikaacha kucheka. Binti yake Mama Pacha, huyo anayeuza tiketi hapo ukumbini kwenu, kapiga simu. Anasema mlipokuwa mnaijaribu filamu aliniona nimelala, nimefunikwa shuka, watu wananililia. Mwanangu, siku ile nilijinyoosha tu baada ya kazi, na wewe ukaniambia unajaribu mwanga. Umenifanya nini humo? Nijibu bila kuumauma maneno.

Mama yako, ambaye bado yupo

*

Alhamisi, 13 Machi

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Pole kwa usumbufu wote. Kinyozi nimeshamwambia ayabandue mabango, na suruali ya yule bwana nitamlipia mimi kama umeichoma kwa hasira.

Ndiyo, kwenye filamu unakufa. Nilikupiga umelala na sikukwambia, kwa sababu nilijua utakataa. Lakini usidhani nakuchulia. Unajua Baba alipofariki nilikuwa kule mgodini, habari zikanifikia mmeshazika. Nilikuta udongo umekauka. Sikuona kitu, Mama. Kila nikijaribu kumuaga kichwani, hakuna picha inayokuja. Nilimtafuta mwigizaji mzee wa kuigiza Baba, nikampaka poda nywele, akalala vizuri tu, lakini sikusikia chochote moyoni. Ndipo nikakuona wewe umepitiwa na usingizi, mkono umening'inia kitandani. Nikasema, hivi ndivyo. Waombolezaji na mtoto niliwapiga baadaye, nikaunganisha. Kwenye filamu mtoto anawahi. Anaingia, anamshika mkono, anaaga.

Bila kipande hicho filamu haipo. Ila sura ni yako. Ukisema hapana, naiondoa yote, na bendi itajaza nafasi. Waandaaji wanataka jibu Ijumaa ya tarehe 21 kabla ya mchana.

Mwanao

*

Jumatano, 19 Machi

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka, kondakta ananisubiri. Simu yako inaita tu. Fundi viatu jirani yako ananiambia upo, unashona, na umemkataza asiniambie zaidi ya hapo.

Wameshafunga taa uani kwa ajili ya muziki wa kesho. Kila mtu anakimbizana, mimi nabeba viti huku na kurudi, hata sijui navipanga au navipangua. Hata ukinitukana nitashukuru. Kimya chako ndicho sikiwezi.

Mwanao

*

Ijumaa, 21 Machi, kwa simu

Hujambo mwanangu. Waonyeshe. Mimi siji. Mama

*

Jumatatu, 24 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Umepata usingizi sasa? Mimi mzima, miguu tu imevimba kwa safari. Naam, safari. Nilikuja. Nilikaa nyuma kabisa na Mama Pacha, nimejitanda mtandio mpaka puani kama mtu anayedaiwa.

Umenipiga vizuri. Sikujua mikono yangu ikishona inapendeza vile. Nilipokufa, binti aliyekaa kando yangu alilia kwikwi. Nikampa leso nikamwambia, "Nyamaza mama, huyo ni mzima, namfahamu." Akanitazama usoni, akahama kiti!

Kisha yule mtoto akaingia, akamshika mama yake mkono, yaani mkono wangu. Hapo nikatoka, taa hazijawashwa. Usidhani nilikasirika. Nilikuwa nalia vibaya, wala si kwa kifo changu.

Baba yako hakulala kimya vile. Hujawahi kuniuliza, nami nikanyamaza nikidhani nakuhurumia. Siku ile tangu asubuhi alikuwa anakuulizia wewe. Mlango ukilia tu, "Ni yeye?" Nasema bado. Mchana pumzi zikaanza kukatika, akauliza tena. Sijawahi kumdanganya baba yako, labda bei za vitambaa tu. Lakini safari hii nilimwambia, "Amefika. Yuko nje anaoga, ana vumbi la safari." Akasema, "Mwache aoge taratibu." Akafumba macho, na uso wake ukatulia. Hakusema tena.

Uongo huo nimeubeba peke yangu, nikiona nimemwibia mume wangu neno la mwisho. Jumamosi nikauona ukutani, mkubwa, mbele za watu, na mtoto anaingia kweli.

Usikikate kile kipande. Waonyeshe kokote watakakokuita. Na wewe acha kujitesa, baba. Alikwenda akijua mwanawe yuko nyumbani.

Mama yako