Niliingiza Kitu Kimoja Mara Mbili, Shemeji Ndiye Anayeshtakiwa

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya karatasi hapa ofisini, na msaada ninaokuomba ni wa haraka, maana Ijumaa saa nne asubuhi shemeji yangu anaitwa mbele ya kamati kujibu kosa ambalo si lake, ni langu, na hakuna anayejua isipokuwa mimi na sasa wewe.

Mimi ni mwanahisabati, nina miaka hamsini na miwili, mtu wa kuheshimika, na kwa miaka kumi na minne nimekuwa mmoja wa walezi wa hifadhidata ya mtandaoni ya nadharia ya namba, yaani tovuti ambayo mtu yeyote akitaka habari za uga fulani wa namba anafungua ukurasa wake na kukuta kila kitu. Uga, ili nisikupoteze, ni kama ukoo wa namba unaozaliwa na mlinganyo mmoja, na tabu yote inaanzia hapo, kwa sababu ukoo uleule unaweza kuzaliwa na milinganyo mingi, kwa mfano x mraba kutoa tano, na x mraba kutoa x kutoa moja, ukiitazama hiyo miwili huwezi kudhani ina uhusiano wowote lakini ukoo ni mmoja, sasa kwenye ukurasa utaandika upi?

Mimi tangu mwanzo nilitaka tuandike ule usio na kipande cha katikati, kwa sababu unapendeza, macho yanapumzika, nami nimefundisha hivyo maisha yangu yote. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ofisini tunamwita Koma kwa kuwa hawezi kupita koma iliyokaa vibaya bila kuisahihisha, akaja na kanuni yake: kila uga uwe na ukurasa mmoja, lebo moja, yaani alama ya kuutambulisha, na mlinganyo mmoja tu, ule wenye namba ndogo kuliko mingine yote, na ikitokea sare, alikuwa ameandika kurasa mbili nzima za namna ya kuivunja. Tukapiga kura. Yeye akapata tisa, mimi moja, na hiyo moja nilijipigia mwenyewe. Mshauri, huyu ni mtu niliyemfundisha kugawanya kwenye meza yangu ya kulia chakula, na siku ile akanishika bega mbele ya watu na kuniambia pole.

Sijitetei, nataka tu uelewe. Wiki iliyofuata wenzangu walipokwenda kula mchana nilikaa kwenye dawati la lebo, yaani kompyuta ya kuingizia nyuga mpya, ambako nywila imeandikwa kwenye kipande cha kadibodi chini ya kibodi, nikaingia kwa akaunti ya dawati, ambayo kila mtu anajua anayeitumia ni Koma, nikaingiza nyuga kumi na moja kwa mtindo wangu, si kwa kuharibu, ni kuonyesha tu ukurasa mzuri unavyokuwa. Mfumo ukakataa, ukasema nyuga hizi zipo tayari. Nikaulazimisha ukubali, maana akaunti ile ina ruhusa hiyo, na kila lebo nikaimalizia kwa tarakimu 2, alama ambayo kwetu ina maana kwamba huu ni uga wa pili, tofauti na wa kwanza, ila vipimo vyake vinafanana. Nilikusudia kuziondoa jioni ileile, nikasahau. Hapana, sikusahau. Kwa miaka minne nimekuwa nikizifungua kila Jumatatu kuziangalia.

Sasa kuna dada mmoja mtafiti wa chuo kingine, yeye kazi yake ni kutafuta nyuga mapacha, yaani nyuga mbili tofauti zinazolingana kwa kila kipimo, jambo adimu sana, na kwenye tovuti yetu akakuta jozi kumi na moja ambazo hakuna aliyezitarajia, akazifanyia kazi miezi kumi na minane, akaandika makala, akaja kuyasoma kwenye mkutano wetu mwezi uliopita, na alikuja na mama yake, ambaye alikaa mstari wa mbele amepakata mkoba. Alipomaliza, mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa anakokotoa kwa penseli nyuma ya ratiba akasimama na kusema, "Binti yangu, hawa si mapacha. Huyu ni mtu mmoja aliyebadili shati."

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka, na nilicheka kwa sauti, kwa kuwa niliogopa kuonekana sicheki. Yule mama alikuwa anageuka huku na huku akiuliza jirani zake kumetokea nini.

Wakachunguza, wakakuta akaunti ni ya dawati la lebo, na sasa Koma ameandikiwa barua. Amewaambia hajui lolote, hawamwamini. Mke wangu kila siku ananiuliza ni nani mwenye roho mbaya kiasi hicho, nami namjibu kwamba dunia ina watu. Jana nilimkuta anampigia mdogo wake pasi shati la kwendea kwenye kamati, nikanywa chai yangu nikaondoka.

Naomba ushauri, je, nikiri, au nisubiri kwanza nione, huenda wakampa onyo tu? Na nikikiri, je, itakuwa vibaya nikigusia kwa upole kwamba kama mtindo wangu ungefuatwa tangu mwanzo haya yote yasingetokea?

Mlezi Mwenye Majuto

*

Mlezi,

Majuto nimeyatafuta katika kurasa zako zote nne, nikayakuta kwenye sahihi tu.

Hisabati niliiacha pale herufi zilipoanza kuingia, kwa hiyo sitakuhukumu kwa mlinganyo. Lakini kabla ya kuja gazetini nilifanya kazi miaka kumi na mitatu kwenye masjala ya hospitali, na biashara hii ya kitu kimoja kuandikwa mara mbili naijua kuliko unavyodhani. Kulikuwa na karani aliyependa kuanza na jina la ukoo, mwenzake akapenda kuanza na la mtu mwenyewe, kila mmoja na uzuri wake. Mama mmoja akawa na mafaili mawili. Faili moja lilisema dawa fulani inamdhuru, jingine halikusema kitu, na siku ya siku likafunguliwa lile jingine. Alipona, baada ya wiki tatu kitandani. Makarani wote wawili walikuwa na mwandiko mzuri sana.

Aliyefungua lile faili hakuwa mjinga, wala huyo dada mliyemcheka hakuwa mjinga. Aliamini kwamba penye kurasa mbili pana vitu viwili, kwa kuwa ninyi ndio mliomwahidi hivyo. Watu wanaifungua hiyo tovuti wasilazimike kukagua kila kitu upya, hawaji kupumzisha macho. Na tuache kudanganyana: hukuumizwa na kipande cha katikati cha mlinganyo, uliumizwa na mkono wa shemeji begani. Ungemwambia siku ileile kwamba hukuipenda ile pole, mngenuniana wiki moja, mkaendelea kula pamoja.

Wasomaji wataniwia radhi, barua hii nimeikalia mwezi mmoja. Mwandishi aliweka namba ya simu, nami sikutaka kumjibu gazetini Jumapili wakati shemeji yake anahukumiwa Ijumaa. Nikampigia Jumatano. Akaniambia amefikiria kukiri baada ya kamati, mambo yakishapoa. Nikamwambia kwamba mambo yakishapoa ni shemeji yake atakayekuwa hana kazi, na kwamba asipomwambia mkewe leo hii, mimi nina miguu ya kunifikisha kwake na anwani yake iko nyuma ya bahasha.

Alimwambia akiwa jikoni. Mkewe alizima jiko, akafunika sufuria, akakaa. Hakupiga kelele. Alisema, "Kwa mdogo wangu utakwenda mwenyewe. Sikubebei," kisha akahamishia mto wake chumba cha wageni, na mpaka naandika haya mto haujarudi.

Kwa Koma alikwenda siku iliyofuata. Anasema alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Koma alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ni hizo kumi na moja tu, au kuna nyingine?" Akajibiwa ni hizo tu. Akaomba orodha, akachukua kalamu, wakazipitia moja moja, na alipofika ya mwisho akamwambia aondoke kwa sababu sasa anataka kukasirika.

Ijumaa Koma alisafishwa. Mlezi amezuiwa kugusa ukurasa wowote kwa mwaka mzima, nywila imebadilishwa na kadibodi imechanwa. Zile kurasa za ziada hazikufutwa hivihivi, maana kuna watu wameshazitaja kwenye maandishi yao. Anayefungua lebo ya zamani anapelekwa kwenye ukurasa wa kweli na kuelezwa sababu kwa mistari miwili. Kanuni ya maelezo hayo ameiandika Koma, bila shaka.

Na wewe, mlezi, kwenye kamati hiyohiyo, umeshakiri, watu wameshaanza kukuonea huruma, ukaomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba mtindo wako unasomeka kwa urahisi zaidi. Uliniambia mwenyewe kwenye simu, tena kama mtu anayedai haki yake. Unasema mwenyekiti alikuuliza kama umekunywa maji tangu asubuhi. Ningekuwa mimi ningekuuliza mengine.

Sasa fanya hivi. Mkeo usimbembeleze kwa maneno. Mwache, osha vyombo, jibu unapoulizwa, na akikuuliza mara ya ishirini kwa nini ulifanya vile, mjibu mara ya ishirini bila kutaja mlinganyo. Koma usimwombe asahau, yule hajaumbwa kusahau.

Halafu kuna mtu ambaye katika simu zote tatu tulizoongea hukumtaja hata mara moja. Makala yake yameondolewa, na wanaomfahamu bado wanamtania kwa habari ya shati. Barua ya kamati ilimwambia kwamba palitokea "hitilafu ya uingizaji". Hitilafu hiyo ina miaka hamsini na miwili na miwani. Panda basi uende chuoni kwake mchana, watu wakiwepo, wala usimpelekee zawadi. Mwambie, "Ni mimi niliyeziingiza, na nilikuwepo ukumbini, nikacheka." Usiongeze neno. Akitaka kukufukuza, ondoka. Akitaka uandike hayo na kuweka sahihi ili aweze kuwaonyesha waliomcheka, andika palepale, kwa jina lako kamili. Na mama yake akiwa karibu, omba ruhusa ukamweleze naye, taratibu, kwa maneno ya kawaida, kwamba siku ile mwanawe hakukosea kitu.