Chumba cha Kabula kinasubiri kibali

Wajukuu zangu Renatus na Magreth,

Uji uko kwenye chupa. Mafundi wakija, wasipandishe tofali hata moja. Wamwagie msingi maji tu. Nimekwenda manispaa kuomba kibali cha ujenzi. Kumbe barua ya mwenyekiti wa mtaa haitoshi.

Asubuhi hii, mkiwa bado mmelala, nilikaa na chai yangu ndani ya msingi, pale atakapolala dada yenu Kabula, nikawa naliona jua likiingia kwenye dirisha ambalo bado halipo. Akatokea afisa wa ujenzi. Nikamwambia, “Hapa ni chumbani kwa mjukuu wangu, baba.” Akasimama penye mlango usiokuwepo, akasema, “Hodi, bibi.” Nikamkaribisha. Ndipo akausimamisha ujenzi, kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Renatus, usimnunie. Wewe hupigi hodi hata penye mlango.

~~Mpigieni Kabula abaki Igalula na kichanga chake mpaka kibali kitoke.~~

Hapana, nimefuta. Nani atamkanda kwa maji ya moto kule? Aje leo hii. Nitandikieni kitanda changu vizuri, tutalala watatu.

Bibi yenu