Ulimi Kwenye Picha ya Harusi

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Mwanangu ameota jino, na paa halivuji tena.

Picha ya harusi imefika. Umecheka mdomo wazi, hamu ya kula ikaniisha. Utando mweupe ulio kwenye ulimi wako naujua. Kila Jumatatu hapa maabara namfungua kinywa tumbili namba saba na kuukuta huohuo, na harufu isiyotoka mikononi hata kwa sabuni. Kundi lake lilipewa virusi ndugu wa hivyo vyako vya UKIMWI, likanyimwa dawa, ili daktari aone ugonjwa unafika wapi. Chembe zake za kinga zilikuwa mia nane. Sasa ni tisini. Wa kizimba cha pili wanapewa dawa ndani ya ndizi. Wamenona, wananirushia maganda.

Kazi hii inanitia kinyaa, lakini nimeipanda kutoka ufagio hadi usimamizi, basi nameza. Wewe nani alikutia kundi la wanaonyimwa? Nyuma ya picha umeandika: "Dada, mimi chuma! Mzee wa dawa za chupa kaniambia niache vidonge." Chuma gani kinaota ukungu? Kliniki iko jirani, nawe unakunywa majani ya tapeli! Umenichefua kuliko vizimba vyote ninavyosafishisha.

Kesho rudi kliniki. Wakikupa dawa, kila asubuhi nitumie picha ya kidonge juu ya ulimi huo. Picha isipokuja, nitakuja mimi na ndizi yangu. Kinywa kinachokataa najua kukifungua.

Dada yako aliyekubeba mgongoni